Kobe Aliona Nini

Mhariri amepiga simu mara mbili tangu asubuhi.
Anataka wanyama wawili, watatu wakizidi,
na funzo mwishoni, mstari mmoja tu,
kabla ya Ijumaa.
Mimi nina kalamu, chai iliyopoa ikafanya utando,
na mjusi wa ukutani anayenisikitikia: tik, tik, tik.

Nimemjaribu mbweha aliyetumbukia kwenye pipa la nili.
Ameshachakaa. Hakuna mtoto wa Sambalpur
asiyejua kwamba mvua inakuja na rangi itachuja.
Nimemjaribu simba aliyeirukia sura yake kisimani.
Wameruka wengi mno kabla yake,
kisima kimejaa simba, maji hayaonekani.

Basi nikapanda darini kwa mama mdogo Subhadra,
anakoanika papadi juu ya sari kuukuu,
sari yenyewe imebanwa kwa matofali pembe zote nne.
Nikamwambia, nipe mnyama.
Hakuinua kichwa.
"Mchukue kobe."

Huyo tunamjua.
Dimbwi lilikauka. Bata bukini wawili
wakashika kijiti, huyu ncha hii, yule ncha ile,
kobe akauma katikati.
Utakachokiona huko juu, wakamwambia, usifumbue kinywa.
Wakapaa. Watoto wa kijijini wakamcheka,
akafumbua ili awajibu.
Mdomo uliponza kichwa. Mstari mmoja, tena uko tayari.

"Mimi nilisimuliwa hiyo," akasema mama mdogo,
"usiku wa kuamkia harusi yangu."
Akageuza papadi. Akageuza nyingine.
"Wala hakuna aliyekuwa na shida na kobe."

Miaka arobaini ukweni ameuma kijiti.
Nimekula mezani kwake, nimelala kitandani kwake,
nikadhani ni mtu mpole.
Sasa meno ya mbele yamemtoka,
na huenda ndiyo sababu anasema.

Jhunu, mjukuu wake, alikuwa akiiba unga mbichi wa dengu
na kuulamba kidoleni.
"Na wale bata?"
Bata gani?
"Walikifanya nini kijiti?"

Sikuwa na jibu.
Nimewasimulia watoto wa darasa la tatu kisa hiki
kila mwaka, mvua zikianza,
na macho yangu yameanguka pamoja na kobe kila mara.
Sikuwahi kubaki juu na wale wawili,
mzigo umetoka ghafla, mabawa yamezidi nguvu,
kila mmoja na ncha yake mdomoni,
hawawezi kuulizana.

"Kwanza mwulize kobe," mama mdogo akasema.
"Nani alisema alikuwa akiwajibu watoto?
Nani alikuwa huko juu, akamsikia?"

Akaonyesha kaskazini kwa kidevu, mikono ina unga.
Kule nyuma ya ukuta wa bwawa Mahanadi imelala,
na chini yake kimelala kijiji walichozaliwa yeye na mama yangu.
Mwezi wa Mei, maji yakipungua,
ncha ya hekalu huchomoza, nyeusi, ina magamba ya konokono,
na wavuvi hufungia mitumbwi yao hapo.

"Ningekuwa mimi kwenye kijiti kile," akasema,
"nikapita juu ya pale,
nikaona kisima chetu, kizingiti, mahali pa ng'ombe..."
Akanyamaza. Akapangusa unga kwenye kiwiko,
mahali ambapo hapakuwa na unga.
"Ningefumbua. Nami nikijua."

Jhunu akaacha kulamba.
"Halafu ungesema nini?"

Nimeshuka na papadi tatu zisizokauka vizuri.
Nimeandika mpaka taa ya mafuta,
maana umeme umekatika saa moja kamili kama kawaida yake.
Ndani yumo kobe, hajaanguka bado.
Wamo bata wawili wanaosikia kijiti kikitetemeka
na hawajui ni kicheko ama ni nini.

Simu inalia. Ni mhariri.
Atauliza funzo liko wapi.
Kalamu iko katikati ya meno yangu.
Naitoa, ili nimjibu.